Kioo Kinachofifia Juani

Jua la saa sita kasoro lilikuwa limekaa utosini pale Inspekta alipopanda tishari la kazi, chombo bapa kilichofungwa kando ya gati, mifuko miwili ya plastiki yenye vielelezo mkononi na hasira kidogo kifuani. Hasira yenyewe haikuwa ya mtu, ilikuwa ya faili. Mkuu wa kituo alilitaka mezani kwake saa kumi alasiri, limekamilika na kufungwa, na ndani yake mlikuwa na jambo lililomkwama Inspekta kooni tangu alfajiri.

Jambo lilikuwa hivi. Juzi mchana, mke na mume, wote wawili wapiga mbizi wa kampuni, walishuka mita kumi na nane kukwangua nguzo za gati. Maji pale ni matope matupu, mtu akinyoosha mkono haoni vidole vyake. Mke aliibuka ngazini mzima wa afya. Mume alikutwa dakika chache baadaye akielea upande wa pili wa gati, katikati ya nguzo, hajitambui, damu yake imejaa mapovu kama soda iliyofunguliwa ghafla. Sasa alikuwa hospitali, kwenye tangi la chuma ambamo hewa hubanwa ili mapovu yarudi yalikotoka, na hakuwa amesema neno.

Na kila mmoja wao alikuwa na kompyuta ya mbizi mkononi, kile chombo ambacho wenyewe hukiita saa, kinachohesabu kina, muda, na hewa ambayo mwili umemeza huko chini. Saa hizo huchora safari nzima. Saa iliyoandikishwa kwa jina la mke ilichora mtu aliyepanda kutoka chini hadi juu katika sekunde hamsini, bila kusimama popote. Saa iliyoandikishwa kwa jina la mume ilichora mtu aliyepanda taratibu, akasimama mita tano kwa dakika tatu kama inavyotakiwa, kisha akaibuka. Kwa hiyo faili likasema kwamba mke alishikwa na woga, akachomoka, akamwacha mumewe matopeni. Kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa uzembe, na kibali chake cha kazi kingefutwa kabla hajakaa vizuri kizimbani.

"Aliyekimbia mzima, aliyetembea hoi," alisema Sajini, akimshikia Inspekta ngazi. "Mmoja ale, mwingine avimbiwe. Nimekwambia hii hesabu hainiingii, mzee."

"Daktari wa kampuni anasema miili inatofautiana."

"Daktari wa kampuni analipwa na kampuni."

Sajini alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo ambao ungempeleka pabaya kama si akili iliyokuwa ikitangulia mbele yake. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka tisa. Alikuwa mtu pekee kituoni aliyethubutu kumwita Inspekta mzee, na Inspekta alikuwa amekwisha kulizoea jina hilo kiasi kwamba akiitwa Afande na Sajini alijua kuna habari mbaya.

Msimamizi wa tishari aliwapokea sitahani. Alikuwa pande la mtu, na wafanyakazi walimwita Bosi Giza kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona macho yake. Miwani yake myeusi huivaa asubuhi akitoka nyumbani na huivua, kwa maneno ya wafanyakazi wake, anapozimiwa taa na mkewe.

"Tuanze pale mke alipoibuka," alisema Inspekta. "Nionyeshe ulichokiona. Usinihadithie, nionyeshe."

Bosi Giza akaenda kusimama kwenye ngazi ya pembeni. "Nilikuwa hapa. Akapanda mwenyewe, akavua barakoa. Hakuuliza chochote. Akapiga goti pale, akavuta koti langu la mvua lililokuwa kwenye kamba, akajifunika kichwa pamoja na mkono wenye saa, akawa anachungulia. Alikaa humo muda mrefu, kama mtu anayepiga mvuke wa mafua. Afande, mtu asiye na hatia anajificha na saa yake?"

"Ulimuuliza?"

"Sikuwahi. Kijana wa kreni akapiga kelele kwamba kuna mtu anaelea upande ule. Yule mke akasikia, akaruka majini vilevile alivyo. Tukamtoa mgonjwa sote."

"Saa ngapi hiyo?"

"Nani alikuwa na muda wa kuangalia saa ya ukutani? Hata saa zao hazikubaliani. Ile moja iko nyuma masaa matatu tangu ibadilishwe betri, hakuna aliyeirekebisha."

"Baadaye saa zikaenda wapi?"

"Kwenye ndoo." Bosi Giza akaonyesha ndoo kubwa ya bluu iliyojaa maji baridi yasiyo na chumvi. "Kila kitu kinachotoka baharini kinaingia humo kwanza, barakoa, saa, visu. Vijana waliwavua vifaa wote wawili, wakatumbukiza. Ndiyo kawaida yetu, hata siku ya msiba. Askari wenu walipokuja waliziopoa wenyewe."

"Wakajuaje ipi ya nani?"

"Si zimeandikishwa? Namba zipo kwenye daftari la kampuni. Ya kijivu ya mke, ya rangi ya mume. Hatuazimani saa hapa. Saa ndiyo inayokumbuka mwili wako umemeza nini jana na juzi. Ni kama mswaki, Afande. Ukikamatwa na saa ya mwenzio, kazi huna."

Inspekta akatoa saa ya kijivu kwenye mfuko wake wa plastiki. Ilikuwa ndogo, ya zamani, ukanda umechakaa. Akaiweka kiganjani katikati ya jua kali. Tarakimu zilisimama nyeusi juu ya kijivu, safi kabisa, na kadiri jua lilivyoipiga ndivyo zilivyozidi kukolea. Tatizo lilikuwa udogo wake. Inspekta akausogeza mkono mbele, akausogeza tena, mpaka kiwiko kikanyooka.

"Mkono umekwisha, mzee," alisema Sajini. "Nikuazime wangu uongezee?"

"Soma wewe."

"Kumi na nane nukta mbili, kina cha mwisho. Ipo wazi kama tangazo." Hakusema neno juu ya miwani ya kusomea iliyokuwa mfuko wa ndani wa koti la Inspekta, aliyonunuliwa na mkewe miezi minne iliyopita, ambayo aliivaa chooni na mahali pengine pasipo na mashahidi. Sajini alijua habari zake siku nyingi. Kuna mambo ambayo hata yeye aliyafumbia mdomo, na Inspekta alimshukuru kimoyomoyo.

Kisha wakatoa saa ya rangi. Hii ilikuwa mpya na pana, na kivulini mwa jengo la kituo, asubuhi ile, Inspekta aliisoma bila taabu, kwa kuwa tarakimu zake zilikuwa kubwa kama namba za milangoni, kijani, njano na nyekundu. Sasa alipoitoa juani, hakukuwa na kitu. Kioo kizima kilikuwa cheupe, na ndani yake mlikuwa na pua ya Inspekta na mawingu mawili.

"Imezima," alisema.

"Haijazima." Sajini akasogea, akakinga jua kwa mgongo wake mpana. Tarakimu zikajitokeza moja moja. Akasogea pembeni, zikapotea.

Inspekta alitazama kile kioo muda kidogo. Halafu akaliendea lile koti la mvua, likiwa bado kwenye kamba yake, akapiga goti palepale alipoonyeshwa, akajifunika kichwa na mkono. Ndani mlinuka grisi na samaki wa mwaka juzi. Lakini saa ya rangi iling'aa gizani mle, na kila tarakimu ilisomeka bila kunyoosha mkono wala kukunja jicho. Akakaa humo, jasho likimchuruzika, akisikia meli zikipiga honi mbali.

"Hivyohivyo," ilisikika sauti ya Bosi Giza nje. "Ndivyo alivyokaa."

Inspekta akatoka amelowa. "Sajini, mtu mwenye saa ya kijivu anahitaji koti la nini?"

Sajini alikuwa amekwisha kufungua daftari. "La mvua tu, mzee. Ile haitaki kivuli, inataka jua."

"Na mwenye saa ya rangi?"

"Asipopata kivuli, haoni kitu."

Bosi Giza akawatazama, huyu kisha yule. "Mnasema alivaa ya mumewe?"

"Bado hatujasema," alijibu Inspekta. "Huo ni upande mmoja tu, na upande mmoja haufungi faili. Niambie ya mume. Mlipomtoa majini ulitazama mkono wake?"

"Nilitazama. Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa, isome saa ya mgonjwa umwambie daktari. Lakini ilikuwa imekufa. Kioo cheusi tii, kama kipande cha mkaa."

Hapo Inspekta akakaza uso. Saa ya rangi haikuwa imekufa hata dakika moja, mchoro wake ulienda bila kukatika mpaka ndani ya ndoo. Kwa hiyo huyu pande la mtu ama alikuwa anasema uongo, ama aliichezea saa kabla ya polisi kufika. Akamsogelea karibu.

"Uliizima wewe?"

"Mimi? Haina hata swichi, Afande."

"Uliifungua?"

"Mtu anatapika damu mikononi mwangu, nifungue saa?" Sauti ilimkatika Bosi Giza kidogo. "Yule ni rafiki yangu. Nilimshika mkono ubavuni hivi, nikatazama kwa juu. Nyeusi. Nikamwambia daktari saa imekufa. Muulize."

Sajini alikuwa akimtazama yule mtu usoni kwa makini. "Bosi, ulitazama ukiwa na hiyo miwani?"

"Mimi siivui."

"Ni ile ya kukata mng'ao wa maji?"

"Bila hiyo humuoni hata samaki hapa."

"Niazime."

Akasita kama ameombwa avue shati mbele ya wakwe, lakini akaivua. Sajini akaivaa, ikamshukia mpaka mashavuni. Akaishika saa ya kijivu juani, akaigeuza polepole kama anavyoshikwa mkono mtu aliyelala kiubavu. Mdomo ukambaki wazi. Akampa Inspekta miwani pamoja na saa.

Inspekta akatazama. Ikiwa imesimama wima, saa ya kijivu ilisomeka. Alipoilaza ubavu, kioo chote kikawa cheusi tii. Akaisimamisha, tarakimu zikarudi. Akailaza, zikazama. Kisha akachukua ya rangi, akaizungusha kila upande, mpaka juu chini. Ilibaki nyeupe juani, ikafifia kidogo tu, haikuwa nyeusi hata mara moja.

"Haikufa," alisema. "Macho yako hayakudanganywa na mtu, yalidanganywa na miwani. Na ni saa moja tu kati ya hizi mbili inayoweza kufanya hivyo."

"Ya kijivu," alisema Bosi Giza polepole. "Alikuwa amevaa ya mkewe."

Wakaandika kila kitu, saa, mahali jua lilipokuwa, nani alishika nini, na Bosi Giza akatia sahihi chini ya kila ukurasa. Kwa mara ya kwanza waliyaona macho yake. Yalikuwa madogo, mekundu, ya mtu asiyelala tangu juzi.

Inspekta akafunga kalamu. "Sasa swali ambalo hakuna aliyeuliza, kwa kuwa wote tuliamini mume alipanda taratibu. Kama ndiye aliyepanda kwa sekunde hamsini, alikimbia nini? Mtungi wake wa hewa uko wapi?"

Ulikuwa ghalani, umeegemezwa ukutani, haujaguswa. Geji yake, kile kipimo cha hewa iliyobaki, ilionyesha tisini, yaani hewa ya kutosha kufanya kazi, kupanda na kubaki. Sajini akafungua koki. Hakukuwa na mlio wowote. Akafungua mpaka mwisho, akaweka sikio. Mtungi ulikuwa mtupu, na mshale wa geji ulibaki palepale kwenye tisini.

"Nilimvalisha mimi mwenyewe," alisema Bosi Giza. Akakaa juu ya kreti, miwani mkononi. "Nilitazama geji nikamwambia, nenda baba, unayo ya kutosha."

Inspekta alimwekea mkono begani kwa muda. Geji ile ilikuwa na safari yake ya kampuni na mafundi na vyeti vya ukaguzi, na ingempa maswali ya wiki nzima. Lakini saa saba ilikuwa imepita, na kwanza kulikuwa na mwanamke aliyekaa kituoni akisubiri kuitwa mhalifu.

*

Walimkuta chumba cha mahojiano, mikono juu ya meza, chai imepoa haijaguswa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mabega mapana ya kazi, kucha zimekatwa mpaka nyamani. Siku mbili alikuwa amesema sentensi moja tu, ileile, kwa kila askari aliyekaa mbele yake.

"Nilipanda taratibu, Afande," alisema kabla Inspekta hajavuta kiti.

"Najua, dada."

Akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kujibiwa hivyo.

Inspekta akaiweka saa ya kijivu mbele yake. "Hii imeandikishwa kwa jina lako. Nisomee kina cha mwisho."

Mwanamke akaichukua. Akaitazama. Akausogeza mkono mbele kidogo, akaurudisha, akaigeuzia dirishani, akaunyoosha tena. Sajini akajifanya anatafuta kitu kwenye daftari.

"Kumi na... kumi na tatu," alisema.

"Kumi na nane," alisema Inspekta kwa upole.

Mwanamke akaiweka saa chini. Hapo Inspekta akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kituoni. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa miwani ya kusomea kwenye kitambaa chake, akaivaa mbele za watu, akasoma tarakimu zile kwa sauti, halafu akaivua na kumkabidhi.

"Macho yangu ni mwaka wa pili huu," alisema. "Mke wangu ndiye aliyegundua. Nilikuwa nasoma chupa ya dawa nikiwa mwisho wa chumba, dawa iko mezani. Jaribu."

Akaivaa. Akatazama saa ya kijivu, na uso wake ukaanza kuachia, kidogo kidogo, mpaka machozi yakapita chini ya fremu za watu.

"Kumi na nane nukta mbili," alisema. "Niliapa, Afande. Nilimwapia."

"Ulimwapia nini?"

"Kutosema. Mwezi wa kwanza tarakimu zilianza kuniponyoka. Kule chini gizani, maandishi madogo, nikawa nakisia. Nikamwambia mume wangu, basi, nimekwisha, mimi nibaki juu nikunje kamba. Akacheka. Akaivua yake mkononi akanivisha, akavaa hii. Akasema, wewe vaa yenye tarakimu za vipofu, macho yangu mimi bado ya kijana. Kila asubuhi tunabadilishana nyuma ya ghala, jioni tunarudishiana. Miezi saba. Michoro yetu ilikuwa pacha, siku zote tuko pamoja, nani angejua?"

"Mpaka siku mlipotengana."

"Mpaka siku hiyo."

"Kwa nini hukusema ulipoona wanakutia hatiani?" aliuliza Sajini, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe.

"Ningesema, angefukuzwa. Amelala kule hajijui, halafu akiamka aambiwe kazi huna, mkeo amekutaja? Na mimi wangenipima macho, basi, majini sirudi." Akafuta uso kwa kiganja. "Halafu nilijiona mkosaji kweli. Nilipapasa nguzo simwoni. Nikavuta kamba, hajibu. Nikasema ametangulia, nitamkuta kwenye kituo cha mita tano. Nikafika pale hayupo. Nikasimama, Afande. Nikasimama dakika tatu nzima, nikihesabu, kama mtu anayengoja foleni ya benki, na yeye yuko juu anakufa."

"Na ulipojifunika koti?"

"Nilikuwa nataka kuona kama inaniruhusu kurudi chini kumtafuta. Iliniambia subiri saa moja na nusu. Nilikuwa nimekwisha kuamua sitasubiri, ndipo yule wa kreni akaita."

Inspekta akavuta pumzi. Alikuwa ameuliza watu maswali miaka ishirini na sita, na mara nyingi alichopata mwisho wa maswali kilimfanya aende nyumbani bila hamu ya chakula. Leo alitamani kumwamsha yule mume ili amshike mkono.

"Sikia, dada," alisema. "Mtungi wake ulikuwa mtupu na geji ilimdanganya. Hakukuacha, na wewe hukumwacha. Zile dakika tatu ulizosimama ndizo zilizofanya leo tuwe na mgonjwa mmoja badala ya wawili. Na nani angeruka kumtoa?"

Mwanamke alikiinamia kikombe cha chai iliyopoa, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu juzi. Sajini akazunguka meza, akamkalia ubavuni, akamwacha alie. Inspekta aliandika maelezo mwenyewe, bila miwani, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, kwa kuwa miwani ilikuwa kazini. Saa kumi kasoro tano faili lilifika kwa Mkuu. Mkuu alisoma kurasa mbili, akasoma tena, akakata kwa kalamu nyekundu jina la mke kwenye orodha ya watuhumiwa wa kesho.

"Kubadilishana saa ni kosa mbele ya kampuni, si mbele yetu," alisema. "Wakimfukuza mtu, wataanza kwa kunieleza habari za hiyo geji. Mpeleke akamwone mumewe."

*

Nje ya chumba chenye lile tangi kulikuwa na benchi la mbao, na kwenye benchi alikaa mama mkwe. Alikuwa pale tangu juzi, amejifunga khanga kiunoni, ameuziba mlango kwa mwili wake mdogo. Jana, mkwe wake alipoletwa na askari kumwona mgonjwa, alikuwa amemwambia mbele ya manesi wote kwamba mwanamke aliyemwacha mwanawe chini ya maji asilete miguu yake hapa juu.

Alipomwona akija na polisi wawili, akageuzia uso ukutani.

"Mama," alianza Inspekta, "tumechunguza, na..."

"Niache niseme mwenyewe, Afande," alisema mke. Akapiga magoti sakafuni mbele ya benchi. Akasema yote, kwa sauti ya chini, bila kujipamba. Macho yaliyomwishia. Kubadilishana saa nyuma ya ghala. Kiapo. Mtungi. Dakika tatu. Akamaliza kwa kusema, "Alinifichia aibu yangu, Mama, na ndiyo iliyomweka humo."

Bibi hakugeuka. Nesi alipita na toroli, akarudi, na bado hakuwa amegeuka. Inspekta alianza kupanga maneno ya kumsihi, na maneno hayakupangika.

"Mimi sijui kusoma," alisema bibi, bado anautazama ukuta.

Mke akainua uso.

"Hata jina langu. Yule mwanangu alikuwa darasa la tatu alipogundua. Barua zikija, ananyakua wa kwanza, anasoma kwa sauti nyumba nzima, anajifanya ana kiherehere cha kusoma. Baba yake alikuwa anampiga kwa hicho kiherehere. Anapigwa, kesho anasoma tena. Baba yake alikufa akidhani mimi ni msomi." Akageuka sasa. Mashavu yake yalikuwa yamelowa. "Hajawahi kuniambia kwamba anajua. Mpaka leo. Na mimi nimekaa hapa siku mbili nakutukana wewe."

"Mama."

"Inuka hapo chini, sakafu ina baridi. Kaa hapa."

Akasogea. Benchi lilikuwa dogo, wakabanana, bega kwa bega. Kupitia kioo cha mlango, kwenye dirisha la duara la tangi, waliweza kuona kisigino kimoja cha mgonjwa na ncha ya shuka. Kisigino kikasogea. Wote wawili wakainuka nusu, wakakaa tena.

Mlango ukafunguliwa, nesi akatoka na karatasi na kalamu.

"Amefumbua macho. Daktari anataka kumwongezea kipindi kingine ndani," alisema. "Ndugu wa mgonjwa, someni hapa, mkubali, mtie sahihi chini."

Akaishika ile karatasi katikati yao. Bibi akaitazama. Mke naye akaitazama, maandishi madogo yamejaa ukurasa mzima kama siafu. Akaanza kuusogeza mkono mbele, kisha akauacha ukashuka. Wakatazamana. Bega la bibi likaanza kutikisika, la mke likalifuata, na kabla Inspekta hajaelewa ni kilio au nini, wale wanawake wawili walikuwa wanacheka, wameshikana, wanajaribu kuzibana vinywa kwa heshima ya wagonjwa.

"Kuna nini?" aliuliza nesi.

"Hakuna kitu, mwanangu," alisema bibi, akijipangusa kwa pindo la khanga. "Msomaji wetu ndiye huyo uliyemfungia humo. Wewe tusomee."

Nesi hakuelewa. Lakini alikuwa msichana mpole, akakaa kwenye ukingo wa benchi, akaanza kuwasomea kwa sauti tangu mstari wa kwanza.